Mashua Mbili na Swali la Mama

Katika karakana moja ndogo iliyo kando ya reli pale Laini Saba, mtaani Kibera, palionekana jioni moja kitu ambacho wapita njia hawakukizoea. Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kwa miaka mingi alijulikana kwa milango, madirisha na majiko yake, alikuwa ameinama juu ya nanga. Cheche ziliruka, watoto wakasogea nyuma, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani akauliza kwa mzaha: "Fundi, nanga ya nini, na bahari iko Mombasa?" Fundi aliinua kioo chake cha kukinga macho, akatabasamu, asijibu. Hakuwa na jibu fupi. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa la miaka arubaini, na ndani yake mlikuwa na mashua mbili, ndugu wawili, hati ya shamba na swali moja la mama mzazi.

Huenda msomaji naye akashangaa kama alivyoshangaa mama yule. Kibera na Kawangware ni mitaa ambayo aghalabu hutajwa panapozungumziwa msongamano wa nyumba, uhaba wa maji na kazi za kijungujiku. Mashua za kutembeza watu kwa starehe huhesabiwa kuwa mambo ya Lamu, ya Mombasa, au ya watu wenye nacho. Walakini Kibera ina maji yake. Upande wake wa kusini kuna kijiji kiitwacho Silanga, na jina hilo katika mazungumzo ya Wakenya wengi lina maana ya bwawa. Bwawa lenyewe ni lile la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuhifadhi maji ya matumizi ya mji. Lilipojengwa lilikuwa na eneo la takriban hekta 35, na kwa miaka mingi wapenda mashua wa Nairobi walikuwa na klabu yao kando yake, wakienda huko mwishoni mwa juma kushindana kwa vyombo vidogo vya tanga.

Fundi aliyaona matanga hayo katika miaka ya 1980, angali mtoto wa shule ya msingi. Yeye na mdogo wake waliketi kwenye ukingo wa upande wa Silanga, wakatazama matanga meupe yakiegemea upepo na kugeuka kwa pamoja kama kundi la ndege. Hakuna aliyewaalika, wala hawakutarajia kualikwa. Walichofanya ni kukata malapa yaliyochakaa katika umbo la mashua, wakachomeka kijiti katikati, wakafunga kipande cha karatasi ya plastiki kiwe tanga, wakavisukuma vyombo vyao majini. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa watoto wale wawili, bwawa la Nairobi lilikuwa bahari iliyotosha.

Bahari hiyo haikudumu. Mto Motoine, unaoliingilia bwawa kutoka upande wa magharibi, ulileta majitaka na takataka za makazi yaliyozidi kupanuka pasipo mifereji. Kisha likaja gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini ambao hustawi vizuri mahali ambapo maji yamejaa uchafu unaorutubisha. Lilitandaza majani yake mabichi na maua yake ya zambarau hata maji yasionekane tena. Mgeni angelidhani ni shamba. Mashua zilikosa pa kupita, matanga yakatoweka, na watoto waliozaliwa Silanga baadaye walikua wakilijua neno bwawa bila kuyajua maji. Lakini jambo lililoingia katika macho ya mtoto haliondoki kwa urahisi. Kila Fundi alipokunja bati, mkono wake ulilielewa umbo la ubavu wa mashua.

Mdogo wake alihamia Kawangware alipooa, akawa dereva wa matatu. Nyumba yake iko karibu na Barabara ya Naivasha, ile inayotoka Ngong Road na kuupenya mtaa huo. Barabara hiyo, licha ya jina lake, haifiki Naivasha. Lakini Dereva alipenda kufanya mzaha kwamba siku moja ataifuata hadi mwisho wake. Mwaka 2022 mzaha ulikaribia kuwa kweli. Alikodiwa kuwapeleka waumini wa kanisa moja katika matembezi ya Ziwa Naivasha, mwendo wa kilomita tisini hivi kutoka Nairobi. Wenzake walipopanda mashua kwenda kutazama viboko na furukombe, yeye alibaki gatini akihesabu. Alihesabu watu, akahesabu mashua, akahesabu noti zilizobadilisha mikono. Aliporudi hakwenda nyumbani kwake Kawangware. Alikwenda Kibera moja kwa moja, akamwamsha kaka yake.

Tangu usiku huo ndugu hao waliweka akiba pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chao kilichukua miaka miwili kujaa. Kufikia mwaka 2024 walikuwa na shilingi 460,000. Ndipo walipopata habari kuwa mzee mmoja wa Karagita, kando ya ziwa, alikuwa akiacha biashara ya kutembeza wageni, naye alikuwa akiuza mashua mbili. Wao walitaka moja tu. Kazi iliyobaki, kama walivyodhani, ilikuwa ni kuchagua.

Walisafiri siku ya Jumanne, siku ambayo ziwa halina wageni wengi. Walipofika waliona miti ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, kumbukumbu ya miaka ambayo ziwa lilipanda na kumeza ufuo, hasa mwaka 2020. Mashua zenyewe zilikuwa zimefungwa kwenye mti mmoja, moja kando ya nyingine, kama mtu na mtoto wake.

Ndogo ilikuwa na urefu wa futi 16. Ilikuwa ya faiba, nyeupe iliyofifia, yenye viti vitatu vya mbao na injini ya nguvu za farasi 15. Ilichukua abiria sita na nahodha wao. Kubwa ilikuwa na futi 23, paa la turubai, viti vyenye mito na injini ya nguvu za farasi 40. Ilichukua abiria 12. Bei ya ndogo ilikuwa shilingi 420,000 na ya kubwa 900,000.

Fundi hakuanza na bei. Alizikagua kwa mikono. Aligonga ubavu wa kila moja kwa kifundo cha kidole, inchi kwa inchi, akisikiliza. Faiba iliyo nzima hujibu kwa sauti kavu, na iliyonyonya maji hujibu kwa sauti nzito kama ya tikiti lililooza. Alikwenda tezini, nyuma kabisa ya chombo, mahali injini inapoangikwa, akatafuta nyufa kwa kuwa hapo ndipo uzito na mtetemo hukutana. Aliinua ubao wa sakafu akachungulia ngamani, maji yanapotuama. Kisha akaomba injini ziwashwe zikiwa baridi, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto na muuzaji huficha maradhi yake. Alitazama kijito chembamba cha maji kinachorushwa na injini, ishara ya kwamba maji ya kuipoza yanazunguka. Mashua zote mbili zilifaulu mtihani huo. Ama kwa hakika ingekuwa rahisi zaidi kama mojawapo ingefeli.

Alasiri, upepo ulipoanza kuvuma kama ilivyo desturi ya ziwa hilo, walizijaribu. Ndogo iligonga mawimbi mafupi kwa kishindo, ikawarushia maji usoni, na ubavu wake ulionekana kuwa mfupi mno viboko walipotoa pua zao upande wa mafunjo. Kubwa ilipita juu ya mawimbi yale yale kwa utulivu, kama mzee anayevuka barabara bila haraka. Dereva alimtazama kaka yake. Fundi, ambaye si mtu wa kudanganya, alikiri kwamba mashua kubwa ilikuwa bora majini. Urefu huisaidia mashua kulala juu ya wimbi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na ubavu mrefu huzuia maji yasiingie. Jambo hilo si la kubishaniwa.

Ubishi ulizuka waliporudi nchi kavu. Usiku ule, katika karakana ya Laini Saba, Fundi alichukua chaki akaandika juu ya kipande cha bati. Kila abiria angelipa shilingi 500 kwa safari ya saa moja. Petroli ilikuwa takriban shilingi 180 kwa lita. Kwa mwendo wa wastani, injini ndogo ingekunywa lita tatu hivi kwa saa, na kubwa lita nane. Mashua kubwa ikijaa ingebakisha shilingi 4,560 baada ya mafuta, na ndogo ikijaa ingebakisha 2,460. Dereva akapiga makofi. "Umeona, kaka?" Fundi aliendelea kuandika. Siku ambayo watakuja watu wanne tu, na siku za namna hiyo ndizo nyingi, mashua ndogo ingebakisha shilingi 1,460 na kubwa 560. Mashua kubwa hula petroli iwe imebeba harusi au imebeba mtu na mpenzi wake.

Kisha akafika kwenye deni. Ili kuinunua mashua kubwa walipungukiwa shilingi 440,000. Chama cha ushirika kilikuwa tayari kuwakopesha fedha hizo kwa miaka miwili, na pamoja na riba wangelipa zaidi ya shilingi 22,000 kila mwezi. Kwa siku za watu wanne wanne, hizo ni safari 40 za kulipia deni peke yake, kabla ya mshahara wa nahodha, kabla ya matengenezo, kabla ya unga wa nyumbani. Zaidi ya hayo, chama kilitaka dhamana, na dhamana iliyokuwapo ni moja: hati ya shamba la marehemu baba yao huko kijijini, mahali alipozikwa, ambayo mama yao aliihifadhi katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Dereva alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno ambayo Fundi hakuyasahau.

"Kaka, hesabu zako ni sahihi. Lakini tangu tuzaliwe tunachagua kidogo. Chumba kidogo, mtaji mdogo, ndoto ndogo. Tulikaa ukingoni mwa bwawa tukaelea na malapa wenzetu wakiwa na mashua. Sasa mlango umefunguliwa, nawe unataka tuingie kwa magoti. Watu wanamiminika Naivasha. Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kuna wiki ambazo huko hupati hata pa kulala. Wageni watakuja kwa makundi, na makundi hayapandi mtumbwi."

Fundi hakuwa na jibu. Aliijua kazi ya umaskini, jinsi unavyomfunza mtu kupunguza matakwa yake mpaka adhani kupunguza ndiko busara. Usiku huo alijiuliza kama hesabu zake zilikuwa busara au zilikuwa woga uliovaa kanzu ya busara. Mtu ataujuaje mpaka kati ya hayo mawili? Mwenye hekima na mwenye hofu, wote wawili huchagua mashua ndogo.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo cha ndugu hawa kilianza kwenda mrama kabla hakijanunuliwa. Wiki tatu zilipita bila simu kati ya Kibera na Kawangware, mitaa ambayo mtu anaweza kutoka mmoja hadi mwingine kwa miguu. Wake zao walipeana salamu kwa siri. Mzee wa Karagita alipiga simu mara mbili kusema kwamba kuna mnunuzi mwingine. Hatimaye mama yao, ambaye aliishi na Fundi, aliwaita. Tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mama huyu alizaliwa katika ufuo wa Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, na alipokuja Nairobi aliwalea wanawe kwa kuuza omena na samaki wa kukaanga mtaani Kibera. Alipowaona wameketi, aliinama akalivuta sanduku la bati, akatoa hati ya shamba, akaiweka juu ya meza mbele yao.

"Hati hii hapa, wanangu. Sikuja kuwakataza. Shamba ni la baba yenu na ninyi ni wanawe. Lakini nisikilizeni kwanza."

Akawasimulia habari za kaka yake, mjomba wao, ambaye walimjua kwa jina tu. Alikufa maji kabla Fundi hajazaliwa, akiwa safarini na watu waliokuwa wakienda matangani ng'ambo ya ghuba. Ufuoni siku hiyo palikuwa na mitumbwi midogo na mashua moja kubwa, kubwa kuliko zote. Waombolezaji waliipita mitumbwi, wakaiendea mashua kubwa, kwa sababu ilionekana kuwa na usalama. Na kwa kuwa ilionekana kuwa na usalama, kila aliyechelewa aliona pana nafasi ya mtu mmoja zaidi. Mwenye mashua naye hakumkataa mtu. "Alikuwa na deni la nyavu," mama alisema. "Kila kichwa kilikuwa senti. Mitumbwi midogo ilifika yote. Ile kubwa haikufika."

Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe mdogo.

"Mwanangu, nataka nikuulize wewe, maana wewe ndiwe utakayekuwa gatini. Siku ya Krismasi, watu 12 wamekwisha kaa. Anakuja wa 13 na pesa mkononi, ana mtoto. Mwisho wa mwezi ni kesho na shamba la baba yako liko mikononi mwa watu. Utamwambia nini?"

Swali hilo si la mama huyo peke yake. Ndilo swali ambalo Afrika Mashariki imeulizwa majini mara nyingi, na mara nyingi ikajibu vibaya. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu na ufuo wa Mombasa kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu 272 wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba, mashua ya starehe iliyojaa watu waliokuwa wakisherehekea ilizama upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria, na zaidi ya watu 30 wakafa. Vyombo hivyo havikuwa mitumbwi. Kiswahili kina kitenzi kizuri, kusheheni, kinachosema juu ya chombo kilichojaa mizigo ipasavyo. Lakini hakina neno moja la kumtaja mtu yule wa ziada ambaye kwa uzito wake ubavu wa chombo hushuka kwa kiasi cha ukucha, kisha cha kidole, mpaka wimbi dogo likapata mlango. Hana jina kwa sababu kila mara yeye ni mmoja tu. Ubora ambao Fundi aliukiri kule ziwani, wa urefu na wa ubavu, ni ubora wa chombo kilichobeba kadiri yake. Kikizidishiwa, ubora huo huondoka, na kinachobaki ni ile sura ya usalama inayowaita watu wengine wapande.

Dereva hakulijibu swali mara moja, na waliokuwapo walijua sababu. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeifahamu habari ya abiria wa ziada kuliko yeye. Alianza kazi ya matatu kabla ya Februari 2004, wakati zilipoanza kutekelezwa kanuni ambazo watu waliziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Kanuni hizo zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na kusisitiza kwamba gari la watu 14 libebe watu 14. Yeye aliwahi kubeba zaidi kabla ya kanuni, na aliwahi kubeba zaidi baada yake. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Alifanya hivyo kwa sababu kila jioni mwenye gari alingojea fedha zake kamili, iwe mvua imenyesha au jua limewaka, iwe barabara ilikuwa wazi au imefungwa. Dereva anayedaiwa huliona kila jicho la abiria kituoni kuwa ni shilingi. Hali hiyo ilimfanya aichukie kazi yake, na kwa kweli ndiyo iliyomfanya apende mashua: alitaka chombo ambacho jioni yake haina mtu anayengojea.

"Mama," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "nitampakia."

Hakuna aliyemlaumu. Fundi alitazama chini. Kisha Dereva akaendelea, kama mtu anayezungumza na nafsi yake: "Nilitaka kumkimbia mwenye gari. Deni hili ni mwenye gari yule yule, ila huyu halali usiku." Akaichukua hati mezani, akaikunja katika mikunjo yake ya zamani, akamrudishia mama yake kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo mashua ndogo ilivyonunuliwa. Isidhaniwe kwamba Fundi alishinda. Alimwambia mdogo wake wazi kwamba neno lake kuhusu kuchagua kidogo lilikuwa la kweli, na kwamba kama wangekuwa na shilingi 900,000 zao wenyewe angeichagua kubwa bila kusita. Upungufu wa futi saba haukuwa fadhila. Ulikuwa hasara ambayo ilibidi waipangie. Walikubaliana kwamba chombo chao hakitatoka upepo wa alasiri ukianza, hata wageni wawepo. Walikubaliana kukaa mbali na mafunjo yenye viboko. Shilingi 40,000 zilizobaki zilikwenda katika makoti ya kuokolea maisha, mawili yakiwa ya kimo cha watoto, makasia ya akiba, kamba, na gharama za ukaguzi na usajili kwa mamlaka ya masuala ya bahari ya Kenya, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 2004 mikono yake inafika hata kwenye maziwa. Nanga hawakuinunua. Fundi alisema mashua isiyo na kitu kutoka Kibera haitakuwa yao.

Walimwajiri nahodha mzoefu wa Karagita, na Dereva akawa akiliacha gari kila mwisho wa juma ili ajifunze kazi. Ilipowadia Pasaka ya mwaka 2025, ziwa lilijaa watu. Jumatatu asubuhi walikuja gatini vijana tisa, wanafunzi wa chuo, wenye furaha na muziki. Dereva aliwaambia mashua hubeba sita, na kwamba wanaweza kwenda kwa zamu mbili. Hawakutaka kutengana. "Mzee, tubebe tu, sisi ni wembamba," mmoja akasema, wenzake wakacheka. Maji yalikuwa shwari kama kioo. Nahodha mwenyewe alimnong'oneza kwamba chombo kitaelea. Shilingi 4,500 zilikuwa mkononi mwa kijana yule, zimekunjwa tayari.

Dereva alitikisa kichwa. Vijana wakaenda zao kwenye mashua kubwa iliyokuwa karibu, wakaondoka wakiimba.

Hawakuzama. Msomaji asingoje mkasa. Mashua ile ilikuwa na nafasi yao halali, iliwazungusha saa nzima na kuwarudisha salama, wangali wakiimba, na mwenye mashua akatia mfukoni fedha ambazo zingeweza kuwa za ndugu wawili wa Kibera na Kawangware. Hakuna kilichotokea siku hiyo cha kuthibitisha kwamba Dereva alifanya vyema. Mtu aliyekataa kosa haonyeshwi kosa lenyewe. Hubaki na hasara tu mkononi, na hana budi kuamini kwamba hasara hiyo ilikuwa na maana. Pengine ndiyo sababu ni muhali kwa wengi kukataa.

Jioni alimpigia simu kaka yake. Alimwambia wamefanya safari nne, akamtajia mapato. Kisha akamweleza habari za vijana tisa.

"Uliwaambia nini?" Fundi aliuliza.

"Niliwaambia imejaa."

"Ilhali haikuwa na mtu?"

"Haikuwa na mtu," Dereva alisema, wakacheka wote wawili, mmoja ziwani na mwingine karakanani kando ya reli.

Baada ya kukata simu, Dereva alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akaivuta kamba kuhakikisha kwamba nanga imeshika. Ilikuwa imeshika.